Wimbo wa Nyaboke Haukuwa wa Kuchezwa

Admin, ficha jina langu na la shule, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huku Nyamira. Visa vyenu nasoma kila asubuhi nikinywa chai, na wengi mnalia juu ya wanaume. Mimi aliyenimaliza ni mwanamke mwenzangu, tena ni mambo ya miaka ya sabini, na bado yananichoma.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana. Mwalimu wetu wa muziki alitoka mbali, Ekegusii, lugha yetu ya huku, hakujua hata neno moja. Mtu mzuri sana. Likizo ilipokaribia alituambia, "Hapa kuna watoto wa kila kabila na hamjuani. Kila mtu aende kwa mzee wa kwao, aandike wimbo mmoja na maana yake, mje mfundishane."

Nikaenda kwa nyanya yangu, kijijini Gesima. Nyanya alikuwa Msabato wa kweli, kanisani hakosi, lakini alikuwa na wimbo mmoja aliouimba peke yake akipalilia wimbi. Mtu akitokea, ananyamaza. Nilimsumbua siku tatu. Ya nne akaketi, akaniambia aliutunga mwenyewe alipofiwa na kifungua mimba wake, Nyaboke, msichana wa miaka sita. Ndani ya wimbo anamwita aje ale, chakula kinapoa. Jina la huyo mtoto sitalibadilisha hapa.

Akaniambia, "Andika, mwalimu wenu ajue na sisi tunalia. Lakini usichezwe. Huyo ni mtoto wangu." Nikamwapia. Nikaandika wimbo ukurasa mmoja, na maana ukurasa wa pili.

Shule ilipofunguliwa malaria ikaniangusha siku ya pili. Daftari nikampa rafiki yangu ampelekee mwalimu. Nimwite Kemunto, ingawa silo jina lake. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, sabuni moja, siri moja. Na kwa kuwa alikuwa hodari wa lugha, mwalimu alimtumia kumtafsiria nyimbo zote za Ekegusii.

Hospitalini nilikaa wiki mbili. Jameni, siku niliyorudi nilikuta wasichana kama thelathini uwanjani, leso viunoni, kayamba zinalia, wanatingisha mabega na kuita "Nyaboke! Nyaboke!" meno yote nje. Kemunto yuko mbele, ndiye kiongozi. Alikuwa ameunakili ukurasa wa wimbo tu, akautia sauti ya ngoma, akamwambia mwalimu ni wa kufurahia mavuno.

Nikamvuta kando. "Kemunto, ule ukurasa wa pili hukuusoma?"

"Niliusoma. Sasa wimbo wa kilio nani angeuchagua? Tungeimba nini siku ya wazazi?"

"Nyanya alinikataza!"

"Aii, wewe nawe! Nyanya yako si yuko Gesima? Atajuaje? Nenda kamwambie mwalimu basi, uone kama hawa wasichana watakuongelesha tena."

Hapa ndipo mtanitukana, na nitakubali. Sikumwambia mwalimu. Nilijifunga leso nikasimama mstari wa pili, nikaimba.

Siku ya wazazi mama yangu alikuwa mgonjwa. Sikujua kama kuna mtu atakuja. Kumbe nyanya aliomba lifti kwenye lori la majani chai, akaja kuniona mimi mtoto wake wa sekondari. Nilimwona tukiwa katikati ya wimbo, ameketi kwenye nyasi na akina mama wengine, wote wanapiga makofi. Yeye mikono ilikuwa mapajani. Kemunto alipoita lile jina na wasichana wakaitikia kwa vigelegele, nyanya aliinuka, akajifunika uso kwa shuka, akaondoka akilia kwa sauti.

Nilimkimbilia mpaka getini. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Nilikupa mtoto wangu nikadhani umemshika."

Niliporudi mwalimu alikuwa anauliza mbele ya kwaya yote kwa nini yule mama analia. Kabla sijafungua mdomo, Kemunto akasema, "Wimbo ni wa huyu, mwalimu. Ndiye aliniambia ni wa mavuno, kumbe ni wa kilio." Macho makavu! Daftari langu nikalidai, akasema hajui liko wapi, na mpaka leo sijaliona. Mwalimu alinitazama kwa uchungu, akaniambia, "Umenifanya nimtukane mama wa watu." Alinichukia mpaka akahamishwa. Nyanya naye aliishi miaka minne zaidi. Nikimtembelea ananipa chakula, ananiuliza habari za masomo, basi. Hakuniambia tena neno lolote la moyoni mwake, na alikufa hivyo.

Kemunto akawa mwalimu, halafu mwalimu mkuu, na kila shule aliyopitia aliufundisha wimbo ule. Wiki jana alinipigia simu. Shule ya mjukuu wangu ina siku ya utamaduni, yeye ndiye mgeni wa heshima, anataka niketi karibu naye. "Watoto wataimba wimbo wetu," akasema. Wetu! Nikamwuliza atawaeleza maana gani. Akacheka, "Si ile ile ya mavuno? Dada, tumezeeka, wacha watoto wafurahi."

Mjukuu wangu ndiye amechaguliwa kuongoza. Ana miaka tisa, na anafurahi mpaka usingizi unampaa. Juzi alikuwa jikoni ananisaidia kuosha vyombo, anaimba, akasimama ghafla akaniuliza, "Nyanya, kwani Nyaboke ni nani?"

Nilikuwa na nafasi, ndugu zangu. Tulikuwa wawili tu. Nikamjibu, "Ni jina tu."

Sherehe ni Ijumaa. Nyinyi mnaonisoma, na hasa nyinyi mliofiwa na watoto, niambieni: mtoto huyu nimwambieje sasa?