Mbuke na beseni lake la vitochi

SAA mbili na robo asubuhi, vumbi la mnada wa Nyamhela limeshawapaka watu wote rangi moja, tajiri na maskini. Mbuke Mayala ameketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, pembeni ya banda la nyama choma, na mapajani amepakata beseni la plastiki. Ndani yake hamna mchicha wala dagaa. Mna vitochi kumi na kimoja, zile simu ndogo za vitufe.

Anachukua kimoja, anabonyeza nyota, tarakimu tatu, kisha alama ya reli. Anasubiri. Anakunja uso, anakirudisha, anachukua kingine chenye kioo kilichopasuka.

"Mwangaluka, Mama Violeth," anamsalimu mfugaji mmoja aliyevaa koti zito kana kwamba jua hili halimhusu. "Mtandao upo leo?"

"Mwangaluka, baba. Upo, ila unajivuta."

"Bora ujivute kuliko ukose," anasema mzee, na kwenda zake kuswaga ng'ombe.

Ukimkuta hapa bila kuambiwa, utadhani ni fundi simu, na mwenyewe wala hatakusahihisha. Mbuke, mwenye umri wa miaka 34, ni mhandisi wa programu za kompyuta. Mfumo unaotumika kuuzia ng'ombe katika mnada huu, uliopo kati ya Kahama na Kharumwa, aliuandika yeye kwenye meza ya kulia chakula mjini Kahama. Na kila siku ya mnada huja kuutazama ukifanya kazi, akiwa na beseni lake.

"Ofisini kila kitu kinafanya kazi," anasema. "Mimi nataka kukiona kikifanya kazi kwenye simu iliyodondoka kwenye zizi."

Muulize kwa nini menyu yake inaanzia namba mbili, utacheka. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, alizunguka vijijini akikagua simu 40 za wafugaji. Kumi na tisa kati yake, kitufe cha moja kilikuwa kimekufa. Menyu karibu zote huanzia moja, kwa hiyo ndicho kinachochoka mapema. Wenye simu walikuwa wanakibonyeza kwa ncha ya msumari.

"Nikasema basi, moja apumzike," anasema Mbuke.

Mwanamke huyu ana maoni, tena ana maoni juu ya kila kitu chenye betri. Simu yake mwenyewe ina miaka saba na imeshabadilishwa betri mara tatu na fundi Abdulshakur wa Kahama, ambaye anamwita mhandisi halisi kuliko yeye. Programu ya tochi inayodai kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako humtoa povu. "Tochi inataka kujua shangazi yako anaitwa nani ili iweje? Iwake!"

Kuhusu kampuni zinazotoa simu mpya kila mwaka, anasema zinawauzia watu aibu. "Wanakufanya uione simu yako kama nguo iliyochanika, wakati inapiga na inapokea. Halafu wanakuletea masasisho makubwa kuliko bando lako la wiki. Mtu wa Kharumwa ananunua bando la siku moja. Hayo masasisho ayashushe na nini?"

Maneno hayo hayakutoka hewani. Baada ya chuo kikuu, Mbuke alifanya kazi miaka mitano Dar es Salaam, kwa mshahara wa shilingi milioni 2.6 kwa mwezi, katika kampuni iliyotengeneza programu za kufungia simu za mkopo. Mteja akichelewesha rejesho, simu inafungwa kutoka mbali, inabaki kama kipande cha kigae.

Mwaka wake wa tano pale, bibi yake alifariki Isaka. Mbuke alimpigia mama yake kutwa nzima bila kumpata. Mama alikuwa amekopa simu dukani, na siku ile ya msiba ilijifunga.

"Programu iliyomfungia mama sikuiandika mimi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaangalia chini. "Lakini nilikuwa nimeandika inayofanana nayo. Nililia kwenye basi kutoka Dar mpaka Isaka, nikajiuliza ni mama za watu wangapi nimewafungia mimi."

Hakurudi kazini. Alipanga vyumba viwili Kahama, yeye na binti yake Violeth, na kuanza kutengenezea wafanyabiashara wa mchele vijiprogramu vya stoo. Kipato kilishuka hadi laki sita kwa mwezi, na miezi mingine hata hizo hazikutimia. Marafiki wa Dar walimsikitikia. Yeye anasema hakuwa na muda wa kujisikitikia, kwa sababu vita ilimkuta huku huku.

Ilianza na tangazo lililobandikwa kwenye mbao za kata. Halmashauri ilikuwa inakaribia kununua mfumo mpya kutoka kampuni moja ya mbali. Kuanzia mwaka mpya wa fedha, ng'ombe asingeuzwa mnadani bila kusajiliwa, na kila mfugaji alitakiwa awe na simu janja.

Mbuke aliisoma fomu ya usajili mara tatu. Ilikuwa na nafasi moja tu ya jina: mwenye ng'ombe. Anayekuja na ng'ombe ndiye mwenyewe, basi.

"Watu wanadhani siasa ni mikutano na kofia," anasema huku akifuta kioo cha kitochi kwa kanga. "Sheria inajadiliwa, watu wanapiga kelele, inaandikwa gazetini. Fomu haijadiliwi na mtu. Anaiandika kijana mmoja kwenye kiyoyozi, na siku ukiijaza ndiyo unajua kama umo au haumo."

Kabla hatujamvika taji, tuseme ukweli ambao yeye mwenyewe anausimulia kwa kujicheka. Alipoamua kuandika mfumo wake mbadala, naye aliweka nafasi moja ya jina.

Alikwenda nyumbani Isaka kuujaribu kwa ng'ombe wa baba yake, Mzee Mayala. Akawaandika wote zizini kwa jina la mzee, akamwonyesha kwa fahari. Mzee aliangalia kioo, akanyanyuka, akaondoka. Siku mbili hakumsemesha.

"Siku ya tatu aliniambia, 'Mbuke, umesoma mpaka umewasahau ng'ombe wa watu,'" anakumbuka. "Nilitamani ardhi ipasuke. Maziwa niliyokulia yalikuwa ya ng'ombe wa mjomba! Nilikuwa najua tangu naota meno."

Wasukuma wana utaratibu wanaouita kubilisa. Mtu mwenye ng'ombe lakini asiye na malisho au nguvu za kuchunga humkabidhi mwenzake awatunze. Mtunzaji anapata maziwa na samadi, na mara moja moja ndama wa shukrani. Ng'ombe wanabaki wa mwenyewe hata ikipita miaka ishirini. Hakuna karatasi inayoandikwa, watu wanajuana.

Ndipo Mbuke alipoiona hatari yote. Mfumo wa nafasi moja ya jina ungewahamisha maelfu ya ng'ombe kutoka kwa wenyewe kwenda kwa watunzaji, kimya kimya, kwa kubonyeza tu. Na wengi wa hao wenyewe ni wajane.

Mmoja wao ni Asteria, mjane wa miaka 58 anayekaanga vitumbua Kharumwa. Utajiri wake wote ni ng'ombe sita alioachiwa na mumewe, na wote wako kwa Mzee Mihayo, mfugaji wa kijiji cha jirani na Nyamhela. Mfumo ule ungepita, kwenye kumbukumbu za serikali Asteria asingekuwa na hata kwato.

Mbuke aliufumua mfumo wake na kuuandika upya. Akaongeza swali moja: ng'ombe huyu ni wako au unamtunzia mwenzako? Akiwa wa kutunziwa, hauzwi mpaka mwenyewe, popote alipo, aulizwe kwenye simu yake na ajibu. Kitochi kinatosha.

Kisha akaanza kuzunguka. Mikutano ya vijiji, ofisi ya kata, foleni za kumsubiri diwani. Miezi mitatu aliambiwa arudi kesho. Mwishowe diwani Donatus, mwenyekiti wa kamati iliyohusika na minada, alichoka kumwona mlangoni.

"Nilimwambia, mama, utanitoa roho," anasema Donatus akicheka. "Nikapendekeza mifumo yote miwili ijaribiwe mnadani, mbele ya madiwani na wananchi. Atakayeshindwa anyamaze."

Siku ya jaribio, kampuni ilikuja na gari, hema na vishikwambi vinavyometameta. Mbuke alikuja na pikipiki na beseni.

Kampuni ilianza. Mzee Mihayo aliitwa na kundi lake, vijana wenye fulana safi wakasajili haraka haraka, na kioo kikubwa kikaonyesha: Mihayo, ng'ombe 31. Watu wakapiga makofi. Mzee hakupiga.

"Sita si wangu," alisema. "Ni wa Mama Asteria."

"Hakuna sehemu ya kuandika hivyo, mzee," alijibiwa. "Kwenye mfumo ni wako."

Walioshuhudia wanasema Mzee Mihayo alivua kofia. "Mimi nimetunza ng'ombe za watu miaka arobaini, sijawahi kuitwa mwizi. Leo mmeniita mwizi kwa kioo, mbele ya wanangu. Futeni!"

Makofi yalikatika. Vijana wakahangaika na vishikwambi, lakini hakuna aliyejua pa kufutia.

Ikafika zamu ya Mbuke. Mpango ulikuwa mwepesi: Mihayo angemweka mnadani dume mmoja wa Asteria, kwa makubaliano yao wawili, na Asteria, akiwa kwake Kharumwa, angeulizwa na kukubali. Walikuwa wamezungumza naye jana yake.

Mnunuzi akataja bei: milioni moja na laki moja. Mihayo akabonyeza kitochi chake. Ujumbe ukaenda Kharumwa: *Ng'ombe wako dume mwenye baka jeupe anauzwa Nyamhela kwa 1,100,000. Kukubali bonyeza 2. Kukataa bonyeza 3.*

Dakika moja ikapita. Ya pili. Kisha kitochi cha karani wa mnada kikalia, naye akasoma kwa sauti: "Mwenye ng'ombe amekataa."

Mnada mzima ukaguna. Mnunuzi, ambaye alishaanza kutoa noti mfukoni, alifoka kwamba amepotezewa muda. Miezi tisa ya kazi ya Mbuke ilikuwa inazama mbele ya macho yake, tena kwa mkono wa mjane yule yule aliyekuwa akipiganiwa.

Diwani Donatus akampigia Asteria na kuweka sauti kubwa. "Mama, mbona umekataa? Si mlikubaliana?"

"Tulikubaliana kuuza, hatukukubaliana kugawa bure!" sauti ilifoka kutoka Kharumwa, na nyuma yake mafuta ya vitumbua yakisikika yakichachatika. "Dume langu lile kwa milioni na laki moja? Mwambieni huyo mnunuzi akanunue mbuzi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini Donatus hakucheka. Alimgeukia karani, akauliza kama mnunuzi akilazimisha, mfumo utampa kibali.

"Hautoi, mheshimiwa. Mwenyewe amekataa."

"Hata mimi nikikuamuru?"

"Hata wewe, mheshimiwa."

Donatus akawaambia madiwani wenzake kwamba yeye ameshaona alichotaka kuona. Mjane yuko jikoni kwake na kitochi cha shilingi elfu ishirini na tano, na mnada mzima, pamoja na mwenyekiti, umesimama kumsikiliza.

Wiki tatu baadaye baraza la madiwani liliuchagua mfumo wa Mbuke, bila kura hata moja ya kupinga. Na yeye, mbishi kama kawaida yake, alitoa masharti ya kuuza kazi yake mwenyewe: taarifa za wafugaji zisiuzwe kwa yeyote, na programu yenyewe iwe mali ya halmashauri, ili kesho mhandisi mwingine aweze kuirekebisha bila kumpigia magoti.

"Walidhani nina wazimu," anasema. "Wenzangu wote wanajenga ukuta ili mteja asitoke. Mimi nimetoka kwenye hizo kuta."

Leo, miezi minane tangu siku ile, wafugaji 3,200 wamejisajili, na zaidi ya theluthi moja ya ng'ombe walioandikwa ni wa kutunziwa. Kwa matunzo ya mfumo Mbuke analipwa milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Ni chini ya nusu ya mshahara wa Dar, lakini anasema analala usingizi.

Dume la Asteria liliuzwa mnada uliofuata kwa milioni moja na laki nne na nusu. "Nimenunua mitamba miwili," anasema mjane huyo kwa simu, "na wote nimempa Mihayo. Nitampa nani mwingine? Mtu aliyekataa ng'ombe hadharani!"

Jua limepanda. Mbuke anaeleza kinachomnyima raha sasa: wapo wafugaji wasiojua kusoma, wanaoonyesha ujumbe kwa wapita njia ili wasomewe. Anataka simu iwapigie na kuwauliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu wanayemwelewa. Sauti ameshaipata. Ni ya baba yake, Mzee Mayala, ambaye amerekodi maswali yote na kudai moja lirudiwe kwa sababu, anasema, lilisikika kama la mtu mwenye njaa. Kabla ya mwaka kuisha, Mbuke anataka sauti hiyo ifike kwenye minada minne zaidi.

Na udiwani je? Maana wapo wanaomshawishi agombee, hata Donatus amesikika akitania kwamba kiti chake kiko hatarini.

Mbuke anacheka, anatikisa kichwa. "Diwani mbaya mnamtoa baada ya miaka mitano. Fomu mbaya inaweza kukaa ishirini na hakuna anayeipigia kura. Niacheni kwenye fomu kwanza."

Kitochi kimoja kinalia ndani ya beseni, kile kinachomletea majibu ya wenye ng'ombe. Anakitoa, anakisogeza kivulini ili asome vizuri, na uso wake wote unachanua. Huko Isaka kuna mtu amebonyeza tatu, na hapa Nyamhela mnunuzi anarudisha noti zake mfukoni.