Kahawa Iliyoibwa Saa ya Ibada

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, na kule kusubiri kulinitia wazimu. Nilianza kufua, nikaziacha nguo kwenye povu. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe, nikarudi na mundu mtupu. Bibi, mama yake baba, ambaye nilikuwa naishi naye kwenye kihamba chake, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, huko juu Machame, alisema nina siafu kwenye nyayo.

"Kaa chini, mwanangu. Mlima hauhami."

Lakini mlima ulikuwa unahama, na hata yeye alikuwa anausikia. Zamani kahawa ilikuwa na mlango mmoja tu, ghala la ushirika. Ukifika na gunia, karani alikujua, alimjua baba yako, na alijua miti yenu inazaa kiasi gani. Huwezi kumuuzia mtu wa namna hiyo kahawa ya jirani. Kisha biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi wapya wakaja na magari madogo, wakatundika mizani kwenye matawi kando ya barabara, na hawakuuliza kitu. Kahawa kavu, kahawa mbichi, kahawa iliyochanganyika na majani, wote waliambiwa weka hapa. Haikupita misimu miwili tukaanza kuona miti iliyokwanyuliwa. Mchumaji huchagua punje nyekundu moja moja, akiacha za kijani na macho yatakayozaa mwaka ujao. Mwizi hana muda huo. Hushika tawi penye shina akavuta mkono mpaka nchani, na kinachobaki ni fimbo.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mchungaji alisema ni tamaa. Mwalimu wetu alisema ni viwanda vya mjini vilivyofungwa, vikawarudisha watu mlimani mikono mitupu. Wanawake waliochota maji kwenye mfereji walisema ni vijana waliozoea kupitisha sukari mpakani Holili kwa njia za panya, wakajifunza kwamba mtu anaweza kuishi bila kujibu maswali. Nadhani wote walisema ukweli, kila mmoja kipande chake. Ila walisema wakitazama chini, kuelekea tambarare, kana kwamba mwizi ni lazima apande mlima ili atufikie.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa waliorudishwa. Alifika na godoro na redio, akalala kwenye banda la kahawa, kando ya mashine ya kumenyea. Kwetu kifungua mimba hupewa shamba kwanza, na kitinda mimba hurithi nyumba na kihamba cha wazazi. Walio katikati hujitafutia. Yeye alikuwa wa katikati. Kiwanda kilipokuwa kinatoa moshi hakuna aliyeliona hilo. Sasa alikuwa na miaka arobaini, na kila mgeni alimwita mkuu kwa utani wa kwetu, akimuuliza, "Mangi, unarudi lini mjini?"

"Nikiitwa," alijibu, na wageni wakacheka naye.

Nilimpenda. Ndiye aliyenifundisha baiskeli. Ndiye aliyenitaka nimsomee magazeti ya zamani kwa sauti, na nilipokwama kwenye neno alisubiri, hakunimalizia.

Jumapili ya mavuno tulikwenda kanisani, bibi mbele, mimi nyuma. Katikati ya nyimbo akanipiga kiwiko. Mkungu wa ndizi wa sadaka, ule utakaonadiwa nje baada ya ibada, tulikuwa tumeusahau nyumbani, kwenye mlango wa nyuma.

"Kimbia."

Nilikimbia kwa furaha, kwa kuwa angalau ilikuwa kazi ya miguu. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikasikia kama mvua inanyesha kwenye majani, na jua lilikuwa linawaka. Baba mdogo alikuwa amenipa mgongo. Mfuko wa mbolea ulikuwa umefungwa kiunoni pake, naye anavuta matawi kwa mikono miwili, mti baada ya mti, akihema. Kisha akageuka.

"Mbona hauko kanisani?" aliuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyefumaniwa.

"Nimefuata ndizi."

"Basi chukua ndizi."

Nikauchukua mkungu. Njia nzima hadi kanisani niliuhamisha bega hili, bega lile, na kila bega lilikataa.

Jioni ile bibi alisimama katikati ya miti yake. Hakuililia kahawa iliyokwenda. Aliyashika matawi yaliyokuwa wazi akatafuta macho ya mwaka ujao kwa kidole gumba, hakuyapata, na hapo ndipo alipolia. Majirani wakaja. Kijana mmoja kutoka tambarare, aliyekuwa akitulimia, alitajwa mara tatu kabla chai haijachemka. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka, lakini nilichokiona ni kitu kingine. Mwezi uliotangulia, mjini karibu na soko, nilikuwa nimeona watu wakimpiga mtu aliyedaiwa kuiba saa ya ukutani. Waliompiga walikuwa watu wa kawaida. Mama mmoja muuza vitumbua aliacha kikaango chake, akaenda, akampiga teke moja, akarudi kugeuza vitumbua visiungue. Vijana wa ulinzi wa kijiji chetu walikuwa wameshaapa kwamba mwizi wa kwanza watakayempata hatafika kituoni. Nikafunga mdomo.

"Jumamosi," bibi akasema, "nakwenda kuvunja chungu sokoni."

Kwetu chungu cha laana hakikuwa hadithi ya kutishia watoto. Hubebwa mbele ya watu, hulaaniwa mwizi juu yake, kisha hupasuliwa, na kifo hakiishii kwa mwizi peke yake. Huanza naye, kikahamia kwa ndugu zake na watoto wa ndugu zake, mpaka ukoo ukiri. Kinga yake ni moja tu: mwizi ajitokeze kabla chungu hakijavunjika.

"Mama, wewe ni mzee wa kanisa!" akasema jirani yetu, mjane mwenye ulimi. "Mchungaji atakutenga na meza ya Bwana."

"Na anitenge. Mwizi ameshanitenga na shamba langu."

"Haya. Mimi nitakuja kukushikia mwavuli."

Wakacheka. Mimi niliupitia ukoo wa mwizi kichwani. Ulikuwa baba yangu. Ulikuwa mimi na wadogo zangu. Bibi alikuwa anakwenda kututamkia kifo sisi wote kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya soko zima, na hakujua.

Sikulala vizuri wiki ile, na mchana sikukaa. Alhamisi nilimfuata baba mdogo kwenye mfereji, alikokuwa anaosha kahawa ya bibi, ile halali, akiikoroga kwa mti taratibu kama mtu mwaminifu kuliko wote.

"Amesema atavunja."

"Nimesikia. Mimi ni mtu wa mashine, siogopi vyungu." Lakini tangu Jumapili alikuwa anaacha mtori kwenye bakuli.

"Mpelekee sale. Ukimpelekea hawezi kukataa."

Sale ni mmea ule wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukikata jani lake, ukalipiga fundo na kumpelekea uliyemkosea, lazima akusamehe. Hata yule ambaye damu ya ndugu yake iko mikononi mwako hulipokea.

Akaacha kukoroga. "Sikiliza, mwanangu. Nikilishika lile jani, nitasamehewa kesho, na nitaitwa mwizi mpaka kaburini. Na hapa sina hata mahali pa kuchimbiwa hilo kaburi. Wataniambia niondoke. Niende wapi?"

Mpaka leo nikijaribu kumjibu huwa naanza sentensi nisiyoweza kuimaliza.

Jumamosi asubuhi bibi alivaa kitenge cha misiba. Chungu kilikuwa kwenye kapu, kimefunikwa kwa majani ya mgomba. Mjane alikuwa amekuja na mwavuli wake kweli, na nyuma yake wanawake kama saba. Baba mdogo alikuwa penye vichanja, anageuza kahawa inayokauka, hainui uso. Bibi akalinyanyua kapu. Miguu yangu ikaamua kabla yangu. Nilikimbia mpakani, nikakata sale, nikalipiga fundo vibaya, nikarudi nikapiga magoti mbele yake njiani nikiwa nimelinyoosha kwa mikono miwili.

Nilitaka kumwombea mtu. Nilikuwa nimepanga maneno: bibi, usivunje, yeyote aliyefanya hivi msamehe. Umri wangu wote nilikuwa nimeona wazee wakipelekeana jani lile, na bado sikuwa nimefikiri jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Sale humsemea aliyelishika.

Bibi alilitua kapu. "Ni wewe?"

Nikamtazama baba mdogo. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kichanja. Nilimpa muda. Ndege fulani alilia mgombani, akamaliza, akalia tena. Kisha mkono wa baba mdogo ukaanza kugeuza kahawa.

"Ndiyo, bibi."

"Yesu wangu!" mjane akasema. "Mtoto wa kike! Kumbe siku ile ya mnada alichelewa na ndizi!"

"Alimuuzia nani?" mwingine akauliza. "Hebu aseme alimuuzia nani!"

"Nimeshapokea sale," bibi akasema, na kweli lilikuwa mkononi mwake. "Mnasikia? Limekwisha. Midomo nayo ikakae nyumbani kwake." Akageuka, akarudisha kapu ndani.

Hakuniuliza tena, wala siku ile wala baadaye. Sijui alijua nini. Ninachojua ni kwamba kabla ya Krismasi alimwita baba mdogo, wakashuka pamoja hadi chini ya mfereji, akamwonyesha kwa fimbo safu mbili za kahawa na kipande cha migomba, akamwambia hapo ni pako, jenga. Watu walisema mama mzee amelainika. Baba mdogo akajenga chumba kimoja cha mbao, akalima mpaka usiku unamkuta, na kwenye miti yetu hakuna aliyekwanyua tena.

Mimi ndiye niliyebaki na jina. Halikutamkwa, kwa sababu sale lilikuwa limepokewa. Lilionekana tu. Nikiingia dukani, mwenye duka alitoka nyuma ya meza na kusimama karibu nami. Binamu zangu walianza kuoga na saa zao mkononi. Kwenye kwaya nilihamishwa kutoka mstari ulio karibu na kikapu cha sadaka, na aliyenihamisha alisema ni kwa ajili ya sauti. Nilizoea kutembea mikono ikiwa wazi, viganja vikitazama mbele, kama mtu anayekwenda kunawa.

Matokeo yalitoka. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Ukoo ukakutana kwa bibi ili kuona nani atasaidia nini, kwa kuwa mshahara wa baba haukutosha. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka. Shangazi yangu mkubwa akaweka kata chini.

"Mimi sina neno na mtoto. Ila tuulizane. Huko bwenini wanalala wasichana wa watu na masanduku yao. Tupeleke aibu yetu mpaka huko?"

Baba yangu aliinamisha kichwa. Bibi alianza kusema kitu, akakohoa. Ndipo baba mdogo akasimama, na kwa muda nilidhani sasa, sasa hivi, na nikaogopa kuliko wakati wowote mwaka ule, kwa sababu niligundua kwamba sitaki aseme. Alikuwa na nyumba ya mbao. Alikuwa na safu mbili.

"Nitamlipia mimi," akasema. "Kahawa yangu yote ya msimu ujao. Yote."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akafuta macho. "Huyu ndiye mtu," akasema. "Kaibiwa mama yake, yeye anamsomesha aliyeiba. Mangi, una moyo."

"Haya, binti," shangazi akanisukuma. "Simama umshukuru baba yako mdogo. Wengine wangekufukuza."

Nikasimama. Nikavuka katikati ya miguu ya watu, nikampa mkono.

"Asante, baba mdogo."

Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Alitaka kukivuta. Nilikishikilia kidogo zaidi kuliko inavyoruhusiwa, kisha nikamwachia, akaketi.