Notisi ya Miezi Mitatu

Siku niliyopeleka notisi, bosi wangu, mama wa makamo, alinikumbatia. "Hongera, binti yangu. Mtu akipata riziki mbele, tumwombee." Halafu, akiwa bado amenishika mabega: "Miezi mitatu siyo mingi. Itaisha tu."

Nilikuwa mapokezi kwenye nyumba yake ya wageni, Ihumwa. Hiyo miezi mitatu ilikuwa kwenye mkataba, na nilisaini mwenyewe bila kushikwa mkono. Wakati ule nilijiona mjanja: wakitaka kunifukuza, nitapata muda wa kujipanga. Sikuwaza kwamba kamba ile ile ndiyo ingenifunga mimi.

Niliyekuwa namkimbilia ni mwanangu. Nilimwacha Mvumi kwa mama yangu akiwa ndiyo kwanza anaota meno, kwa sababu zamu za usiku na mtoto mchanga haviendi pamoja, na baba yake alishajiondokea, tena yeye bila notisi yoyote. Sasa shule moja ya bweni huko huko Mvumi ilikuwa imenikubali niwe matroni. Ningekuwa naamka namwona mwanangu. Sikuwa na ombi lingine.

Na nilikuwa na haraka. Mimi ni kifungua mimba, wadogo zangu pale nyumbani wote wananiita dada. Mtoto kasikia, kashika. Mama yangu akawa ndiye "mama", mimi nikawa "dada". Mwanzoni nyumba nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao. Mjinga mkubwa.

Nilidhani miezi ile nitafanya kazi kama kawaida, na Jumapili yangu ya mapumziko naenda Mvumi. Bosi akaifuta Jumapili. "Unaondoka, binti yangu, lazima uniachie mambo yamenyooka. Kuna mwenzako anakuja, umfundishe." Huyo mwenzangu hakuonekana mwezi wa kwanza, wala wa pili. Nikawa nakalia kiti changu na chake.

Mpishi, mama mtu mzima mwenye mdomo, akanibatiza Marehemu.

"Marehemu, mgeni wa chumba cha mwisho anataka taulo."

"Mimi mzima, mama."

"Mzima gani? Umeshaagwa, unasubiri kuzikwa tu. Njoo ule, ugali wa msiba wako huu."

Jiko zima linacheka, na mimi nacheka, halafu naingia stoo ya mashuka nalia kwa hasira. Maana mama yule alikuwa amesema kweli. Pale nilishaondoka, na kule bado sijafika.

Nikipiga simu nyumbani, namsikia mama yangu akimhimiza mtoto.

"Ongea na mama yako."

"Mama si wewe?"

"Mama yako ni huyu hapa kwenye simu."

Halafu kile kisauti: "Dada, utaniletea biskuti?"

Zilikuwa zimebaki wiki mbili mkuu wa shule aliponipigia. "Wanafunzi wanarudi Jumatatu. Siwezi kulaza wasichana bila matroni. Unakuja, au nichukue mwingine?"

Kutoroka nisingeweza. Shule ilitaka barua ya bosi kwamba tumeachana kwa amani, na bosi hatoi barua kwa mtoro. Nikamfuata uani, alikuwa anachambua mlenda. Nikapiga goti, mimi nisiyependa magoti.

"Mama, naomba unisamehe hizi wiki mbili."

"Na mapokezi nimwachie nani?"

"Mwanangu ananiita dada, mama."

Akaacha kuchambua, akanitazama vizuri. Nilidhani imemwingia.

"Mtoto ni mtoto, atazoea. Na mimi hapa si mama yako? Nikikuachia wewe, kesho wote mnaniacha kwenye mataa."

Akarudi kwenye mlenda wake. Tangu siku hiyo, mtu mwenye mamlaka akiniita binti yangu, nywele zinanisimama.

Shule ikachukua mwingine. Mimi nikamalizia wiki zangu mbili, nagawa funguo, napokea funguo. Siku ya mwisho bosi akaniita tena, sauti ya asali. "Nimesikia ya shule, pole. Notisi siyo kaburi. Ifute, kiti chako kipo."

"Ahsante, mama. Mkalishe yule wa kufundishwa."

Hajaja mpaka leo, nasikia.

Nikaingia Mvumi bila kazi, na begi moja. Jioni ile ile nikawakalisha wadogo zangu: kuanzia sasa, mbele ya mtoto, mimi siyo dada.

"Tukuite nani, shangazi?" wakacheka.

"Mniite kwa jina la mwanangu, mama wa fulani, kama wanawake wengine wanavyoitwa. Atakayekosea, hali chakula."

Wanajitahidi. Mtoto ndiye hajitahidi, na simlaumu, hakuna aliyemuuliza wakati nilipokwenda. Kazi bado natafuta. Nikiitwa mahali, kabla ya mshahara nauliza notisi.

Juzi asubuhi akaita kutoka chooni: "Mama! Nimemaliza!"

"Abee!" Tuliitika pamoja, mimi na mama yangu. Mama alikuwa ameshanyanyuka. Akanitazama, akarudi taratibu kwenye kigoda chake. Nikachukua kopo la maji, nikaenda.

"Siyo wewe, dada. Nimemwita mama."

"Inama," nikamwambia.

Akainama.