Maziwa ya Ng'ambo ya Barabara

Kazi yangu ni kupima maziwa. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, wakulima wanapanga foleni kwenye kituo chetu hapa Sotik, nami nachota kidogo kutoka kila mtungi na kutumbukiza laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa yakiwa safi, kijiti kinasimama juu. Yakiwa na maji, kinazama.

Sisi Wakipsigis wa huku tunajivunia maziwa. Mwanariadha wetu akirudi na medali, kitu cha kwanza kuwekwa mdomoni mwake ni mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa. Nimelelewa nikiamini kwamba hakuna mwingine anayejua ng'ombe. Majirani wetu Wakisii, ambao mashamba yao yanaanza ng'ambo tu ya barabara, tuliwaachia ndizi. Maziwa yao, tulisema, yanapitia mtoni kwanza. Nilisema hivyo mimi pia, tena nikicheka.

Nilipoanza kazi, mambo hayo yaliingia mkononi mwangu bila mimi kuambiwa na mtu. Mkisii akifika, nilimpima mara mbili. Mtu wetu akifika, hasa mzee, niliangalia mtungi, nikasalimia, nikamwaga maziwa kwenye pipa la kituo. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa anayeheshimiwa kijiji kizima, sikuwahi kumpima hata siku moja. Mke wa mtoto atampimaje baba?

Kulikuwa na mama mmoja kutoka ng'ambo, mjane, aliyebeba mtungi wake mgongoni kwa kamba. Alikuja miaka miwili bila neno. Halafu asubuhi moja ya mvua, nilipokuwa nachota mara ya pili, akanishika mkono. Hakunishika kwa nguvu.

"Dada, umeshawahi kupata maji kwa maziwa yangu?"

Nikasema hapana.

"Na hao walio mbele yangu, umewapima?"

Watu kwenye foleni walisikia. Mmoja akasema kwa Kikipsigis kwamba huyu mama ametuzoea sana, na wengine wakacheka. Yeye hakuelewa maneno, lakini kicheko alikielewa. Nilipomaliza kumwaga maziwa yake, akachukua mtungi mtupu akaenda.

Siku hiyo nilijawa na aibu. Nilijitetea kichwani mpaka mchana, kwamba mimi nafanya tu vile nilivyokuta. Halafu nikakumbuka kwamba sikukuta kitu. Ni mimi niliyeanza. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba kuanzia kesho kila mtungi utapimwa, mara moja, wa mtu yeyote. Akaniuliza kama namaanisha na wa baba yake. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nijitayarishe.

Kesho yake walinung'unika, lakini walipimwa. Baba mkwe alikuwa wa saba au wa nane. Nilipochukua kijiko cha kuchotea, akatabasamu kama mtu anayeona mtoto akicheza. Nikatumbukiza kijiti. Kikazama.

Nikachota tena, nikijua kabisa kwamba jana nilikuwa nimeahidi mara moja tu. Kikazama vilevile. Nyuma yake, watu watatu hivi, alisimama yule mama wa ng'ambo akiniangalia.

"Baba," nikasema kwa sauti ya chini, "haya siwezi kupokea."

"Ni mvua," akasema. "Imeingia njiani."

Mfuniko ulikuwa umefungwa vizuri. Yeye aliuona, nami niliuona. Nilitamani kukubali hiyo mvua kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Lakini nilifunga mtungi, nikamrudishia kwa mikono miwili, nikaita anayefuata. Akaondoka bila kuaga. Zamu ya yule mama ilipofika, nilimpima mara moja, yakawa safi, nikamwaga.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mama mkwe aliacha kupita kwangu. Kamati ya kituo iliniita, wakaniuliza nani alinituma kudharau wazee mbele ya wageni. Niliwaambia kwamba watu wanaoleta maziwa kila siku si wageni, na kwamba kama wanataka mtu wa kuchagua nani apimwe, watafute mwingine. Niliongea nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningelia. Wakulima kadhaa walihamisha maziwa yao kwa mnunuzi mwingine. Mwenyekiti alifikiri siku nne, kisha akasema niendelee.

Baba mkwe alirudi baada ya wiki tatu. Alipanga foleni, ikatokea yuko nyuma ya yule mama. Zamu yake ilipofika akaweka mtungi chini akasema neno moja tu: "Pima." Yalikuwa safi.

Na yule mama, siku moja tukisubiri lori la maziwa, aliniambia kwamba kwao alikatazwa kuleta maziwa huku. Walimwambia sisi hatujali mtu, tunajali ng'ombe tu. Nikamuuliza kama aliamini. Akasema kidogo. Tukacheka wote wawili, ingawa si sana.

Krismasi iliyopita familia ilikutana kwa baba mkwe. Chai ikipita, shemeji yangu akaleta ule mzaha wa maziwa yanayopitia mtoni. Zamani ningecheka. Niliweka kikombe chini nikasema kwamba mimi ninawapima wote, na sijaona tofauti ya upande huu na ule. Shemeji akasema mimi nimeshaharibiwa na kazi.

Baba mkwe hakuinua macho.

"Anayepima ni yeye," akasema. "Msikilizeni."

Wakaanza kuzungumza juu ya bei ya mbolea, nami nikainuka kwenda kuongeza chai.