Chai ya Anayeondoka

Mwanangu aliponiambia kwa simu kwamba tutazunguka Tibet kwa gari, nilimjibu kuwa baridi naijua na milima naijua, kwani naishi Johannesburg. Nilisema kwa majivuno kabisa. Mji wetu uko juu, na jamaa zangu wakija kutoka Tanga hupanda kilima cha mtaa wetu wa Observatory wakihema, nami nawapita na mifuko yangu ya sokoni huku nikiwauliza kama wanataka kubebwa. Nikajiona mtu wa milimani. Ningejua, ningenyamaza.

Lakini si milima iliyonipeleka. Nilikwenda na swali moja: atarudi lini nyumbani?

Ni binti yangu wa pekee. Anafundisha Kiingereza katika mji wa Chengdu, huko China, na aliondoka akituambia mimi na baba yake kwamba ni kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukazaa mwingine, na mwingine. Katikati hapo baba yake akafariki. Mume wangu alikuwa mtu wa Soweto. Tulikutana Morogoro alipokuwa uhamishoni, akajifunza Kiswahili kwa ajili yangu mpaka akawa ananisahihisha methali. Tulipohamia kwao, nyumba yetu pale Observatory ilikuwa na Kiswahili kwa sababu yake. Alipokwenda, kikaenda naye. Shemeji zangu ni watu wema na hawanisahau, lakini Kizulu changu huwachekesha hata ninapozungumzia msiba. Binti yetu anaelewa Kiswahili chote, hata matusi, ila tangu aanze shule hujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo siku nyingine nashuka soko la Yeoville kununua sombe, yaani kisamvu, nisiyoihitaji, ili tu mtu aniambie "karibu, Mama".

Mama Mkongomani anayeniuzia hiyo sombe ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba naenda kumchukua mtoto. Alikuwa anatwanga, hakuinua hata kichwa.

"Mama, mutoto akishazoea inchi ya batu, hawezi kurudia mbiombio," alisema. "Weye mwenyewe ulirudia kwenu?"

Nikamuuliza bei ya pilipili.

Nina hakika alikuwa na nia njema, lakini maneno yake yaligusa kidonda. Baada ya mazishi ya baba yake, asubuhi ya binti yangu kurudi China, nilimpikia chai ya maziwa na tangawizi kama alivyoipenda utotoni. Nilimjazia kikombe cha bluu, kile cha baba yake. Alikitazama, akakisogeza katikati ya meza, akanikumbatia kwa muda mrefu, akatoka na sanduku lake hadi kwenye teksi iliyokuwa ikimsubiri nje ya geti. Hakunywa hata funda moja. Nilibaki nimesimama jikoni nikiitazama ile chai inavyofanya utando. Nikasema, basi huyu ametumaliza, hata chai yangu imemshinda. Kisha nikainywa mwenyewe, baridi hivyo hivyo, kwa sababu mama yangu alinilea nikijua kwamba riziki haimwagwi. Niliinywa kwa hasira, na hasira hiyo nilipanda nayo ndege.

Huko Tibet mgeni haruhusiwi kuzurura peke yake. Tulipewa gari, dereva mtu mzima asiyependa maneno, na kijana wa kike wa kutuongoza ambaye alizungumza Kiingereza kizuri. Tulitoka Lhasa asubuhi kuelekea Shigatse. Nilikaa nyuma na mwanangu, mkoba wangu katikati yetu, nikapanga kwamba tukishapita nyumba za mwisho nitauliza.

Nyumba za mwisho zikapita. Barabara ikaanza kujikunja kupanda, na milima ikatokea, mikavu, ya kahawia, bila mti hata mmoja, kama vile vilima vya taka za migodi yetu lakini visivyo na mwisho. Nikafungua mdomo niulize, pumzi ikaisha. Si maneno ya kupamba, iliisha kweli. Kichwa kilinigonga, vidole vikafa ganzi, na yule mtu wa milimani wa Observatory akawekewa kopo la oksijeni puani kama mtoto mchanga. Binti yangu alinishikia lile kopo. Niliona ameanza kuota mikunjo midogo pembeni mwa macho, na sikujua imeanza lini.

Juu kabisa, mahali barabara inapovuka mlima, palikuwa na kamba ndefu zenye vitambaa vya rangi, maelfu, vikipigwa na upepo. Dereva alishusha kioo akapiga ukelele mmoja mkubwa, yeye aliyekuwa kimya toka asubuhi. Kiongozi wetu akasema ndiyo desturi, ukifika juu unawashukuru wenye mlima, na sisi tupige tukitaka. Binti yangu akapiga. Mimi sauti haikutoka. Chini upande wa pili kulikuwa na ziwa la bluu iliyokolea mno, na wote wakashuka kupiga picha. Nilibaki ndani ya gari, nikamkumbuka mume wangu, nikalia kidogo, kisha nikajifuta kabla hawajarudi. Upweke wa mahali pale ulikuwa mkubwa, lakini sitadanganya: ule wa jikoni kwangu ulikuwa unaufikia.

Mara tatu siku ile nilijaribu kuuliza. Mara ya kwanza pumzi, mara ya pili kizuizi cha polisi na pasipoti, mara ya tatu yeye alikuwa amelala, kichwa chake kikigongagonga kioo. Nikavua mtandio nikamwekea.

Alasiri dereva akatuambia, kupitia kwa kiongozi, kwamba kijiji kilicho mbele ni cha kwao, na mama yake atakasirika akisikia amepita na wageni bila kuwaingiza. Hapo nilimwelewa bila mkalimani. Tukaingia. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, nywele zimesukwa mikia miwili, mashavu mekundu kwa baridi. Alitukalisha karibu na jiko la chuma akatumiminia chai yao ya siagi na chumvi. Ukiitegemea kuwa chai utapata taabu. Ukijiambia ni supu, inapita.

Sasa mimi nimelelewa kwamba mgeni haachi kitu kwenye kikombe, kuacha ni kusema hakikupendeza. Bibi naye, kumbe, kalelewa kwamba kikombe cha mgeni hakipungui. Nikinywa, anajaza. Nikimaliza kwa adabu, anajaza kwa adabu. Tuliendelea hivyo, yeye akitabasamu, mimi nikitabasamu, tumbo langu likiwa kama ngoma, mpaka binti yangu akaanza kucheka nyuma ya kiganja. Yeye kikombe chake alikuwa anakidonoa tu. Alijua mchezo.

Tulipoinuka kuondoka, bibi akatujazia tena vikombe vyote viwili mpaka ukingoni, akaviweka mbele yetu, akasimama mikono kifuani. Nikaona huu sasa ndio mtihani wa mwisho. Nikajikaza, nikakinywa chote, nikakiweka mezani kikiwa kikavu, nikasema asante.

Uso wa bibi ulibadilika. Hakukasirika, alishangaa tu, kisha akamwambia kiongozi neno, naye kiongozi akacheka kwa aibu.

"Hiki cha mwisho hakinywewi," aliniambia. "Anayeondoka huwekewa kikombe kilichojaa, anakiacha vivyo hivyo. Maana yake atarudi kukinywa. Wenyewe wanakiacha mezani siku kadhaa."

Niligeuka kumtazama mwanangu. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, hakijaguswa. Yeye alikuwa anatazama mlango.

Bibi alinijazia kingine, nikakiacha, tukapanda gari. Mashamba ya shayiri yalikuwa yamevunwa, na ng'ombe wao wale wenye manyoya mpaka chini walisimama kwenye mabua wakitutazama.

"Ulijulia wapi desturi hii?" niliuliza.

Kwa Kiingereza, akanijibu kwamba mwaka wake wa kwanza Chengdu alikaa chumba kimoja na msichana wa huku, na kila likizo yule msichana alipokwenda kwao walifanyiana hivyo. Hiyo ilikuwa kabla baba yake hajafa.

"Kwa hiyo kile kikombe cha bluu."

"Ndiyo, Ma."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeongea ningelia, na teksi ilikuwa nje." Kisha akauliza, "Ulikiacha kwa siku ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Milima ile haikuwa na shahidi.

"Niliinywa," nikasema. "Hata hujafika kwenye roboti ya kwanza, zile taa za barabarani."

"Eish, Ma!" Alicheka. Alicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo, alicheka akanishika goti, na kicheko kikageuka kilio bila kupumzika katikati. Nikauondoa mkoba uliokuwa kati yetu, nikamvuta. Na kwa kuwa pumzi kwa mara ya kwanza ilikuwepo, nikauliza.

"Utarudi?"

Aliweka kichwa begani kwangu.

"Siku ile nilipokiacha kikombe, nilikusudia kabisa," alisema.

Sikumwuliza zaidi. Nilimpapasa kichwa na kutazama barabara, na gari likaendelea kupanda.

Siku yangu ya mwisho niliamkia kwake Chengdu, ghorofa ya juu, jikoni pake padogo penye mche wa pilipili dirishani. Sanduku langu lilikuwa mlangoni. Nilisikia harufu ya tangawizi kabla sijamwona. Alikuwa amechemsha chai ya maziwa, yangu mimi, sijui tangawizi alikuwa ameponda na nini. Akachukua kikombe, akakijaza mpaka juu, akakiweka mbele yangu. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Usinywe, Mama," alisema.

Kwa Kiswahili. Lafudhi ilikuwa ya kwake na ya baba yake, nzito kwenye herufi, lakini Kiswahili.

Mkono wangu ukabaki hewani. Ilinichukua muda kuelewa aliloniambia. Kikombe huwekewa anayeondoka, na anayekiweka ni mwenye nyumba. Safari hii mgeni nilikuwa mimi. Jibu la swali langu lilikuwa pale mezani, likitoa mvuke, na kwa jinsi alivyoutazama uso wangu, alijua kwamba nimelipata. Iliniuma, sitaficha. Iliniuma mpaka nikashika ukingo wa meza. Lakini alikuwa amekijaza mpaka ukingoni.

Sikuigusa ile chai. Nilivaa koti, tukabeba sanduku pamoja, mmoja upande huu na mwingine ule, akafunga mlango na chai ikabaki ndani.

Johannesburg nilifika kukiwa na vumbi na nyasi zimekauka. Wiki ile ile nikashuka Yeoville. Mama wa sombe alinyoosha shingo, akaangalia nyuma yangu kulia na kushoto.

"Mama, na mutoto? Iko wapi?"

Nikamwambia yuko kwake. Akanitazama, akaacha kutwanga, akanisogezea kigoda chake nikae.