Balozi Alipotukuta na Waasi wa Angani

Kila Jumapili alasiri, mwenye duka wa mtaani kwetu Manzese huitoa televisheni yake barazani na kututafsiria tamthilia ya waasi wanaopigana na serikali moja huko angani, wakiwa ndani ya chombo chao kibovu. Juzi alikuwa amenogewa. "Nahodha anasema, serikali hii lazima tuing'oe," akatangaza, na papo hapo balozi wetu wa nyumba kumi, sikio la chama mtaani tangu enzi za chama kimoja, akatokeza kwenye kona.

Sote tukatoa shikamoo kwa pamoja. Mwenye duka akapunguza sauti mpaka midomo ya waasi ikawa inacheza tu.

"Serikali gani hiyo?" balozi akauliza.

"Ya huko angani, mzee. Wala si watu wa huku."

Balozi akavuta kigoda, akakaa, akalaza bakora magotini. Hakuna aliyethubutu kuondoka, maana kuondoka kungekuwa kukiri. Baada ya muda askari wakakivamia kile chombo, kana kwamba walielekezwa.

"Yule mpishi wao ndiye anayewauza," balozi akasema taratibu.

"Umejuaje, mzee?"

"Anacheka na kila mtu, anamuuliza kila mtu anakokwenda, na yeye mwenyewe hasemi la kwake. Mie kazi hiyo naijua."

Kweli, mpishi akaonekana akipeana mkono na jemadari wa askari wale.

Siku hizi vyama ni vingi, na tumeambiwa tuseme tupendavyo. Lakini chai ilipoletwa tuliinywa kimya, na tulipoagana hakuna aliyemuuliza mwenzake anakokwenda.