Ametiwa Hatiani, Hajafungwa

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na wewe unayeanza kazi mahakamani Jumatatu ndiye hasa wa kuisikia. Nilikuwa karani mpya wa mahakama ya mwanzo hapa hapa Mtwara. Binti wa miaka ishirini na miwili, viatu vya kisigino, maringo tele.

Asubuhi ilisomwa hukumu ya Salumu, kijana wa Mpapura. Aligombana na jirani yake, Mzee Issa, juu ya mpaka wa mikorosho, akampiga mpini wa jembe. Hakimu akasema mshtakiwa ametiwa hatiani, adhabu itatolewa saa nane mchana.

Ukumbi ulikuwa umejaa, kwa hiyo mama yake Salumu alibaki barazani. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, kwao ni Kimakonde kutwa nzima. Pembeni yake alikaa huyo huyo Mzee Issa, bandeji kichwani. Alikuja kumwambia hakimu kwamba yeye ameshamsamehe kijana. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kafungwa?"

Kimakonde nakijua, bibi yangu kanilea nacho. Lakini kukaa kueleza kwamba hatia ni kitu kimoja na adhabu ni kingine, niliona uvivu. Na kusema kweli, kwangu mimi aliyepatikana na hatia alikuwa mfungwa tayari. Nikamjibu, "Ndiyo mama, kafungwa. Nendeni tu nyumbani." Wakainuka, wakaenda kutafuta gari.

Saa nane hakimu akauliza kama yupo wa kumwombea Salumu apunguziwe adhabu. Salumu akawa anaangalia mlangoni. Akapewa miezi sita jela.

Baadaye hakimu akaniuliza ndugu zake wamekwenda wapi, nikamweleza. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Binti," akasema, "mimi nimemfunga mchana huu. Wewe ulimfunga asubuhi."

Kesho yake nilikwenda Mpapura kuomba radhi. Yule mama alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Kumbe muda ulikuwepo?"

Loo! Nililia mbele yake bila haya.

Basi, mwanangu, shika hili. Mshtakiwa ni yule ambaye kesi yake haijaamuliwa. Aliyetiwa hatiani kosa limethibitika, lakini adhabu yake bado haijatamkwa. Mfungwa ni yule aliyekwisha kupewa kifungo. Usiwachanganye hata siku umechoka, maana hapo katikati ndipo ndugu wanapopata nafasi ya kusimama na kumwombea mtu wao. Wakikuuliza barazani, wajibu kwa lugha wanayoielewa, uwaambie: bado, subirini.

Mungu akulindie ulimi wako, akupe subira ya kueleza, na asitokee mama wa kukuuliza nilichoulizwa mimi.